Kupitishwa siyo kutolewa: mkulima wa pamba aipimeje sheria ya matumizi ya serikali?

 

Najua wengi mlitegemea leo niendelee na somo la kuandaa shamba, maana mvua haziko mbali na mbegu za pamba zinatakiwa ziwe ardhini kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba. Somo hilo lipo, linakuja. Lakini kila ninapopita vijijini nakutana na swali moja, na limenifikia mara nyingi mno kuliacha: "Afisa, mbona kila mwaka tunasikia kwenye redio mabilioni ya kilimo yamepitishwa, halafu huku kwetu hatuyaoni? Hiyo sheria ya bajeti ni ya haki kweli?"

Ni swali zuri, na linahusu shamba moja kwa moja. Bei ya mbegu yako, dawa ya funza wa vitumba, barabara inayopitisha lori la pamba, mafuta ya pikipiki ya afisa ugani anayekuja kukukagulia shamba, vyote vimeandikwa mahali fulani kwenye sheria ya matumizi ya hela za umma. Mkulima anayejua kusoma jani la mpamba akagundua vidukari anaweza pia kujifunza kusoma sheria ya aina hii akaona ina ugonjwa gani.

Basi leo tuipime. Nitawapa maswali manne. Kwanza kabisa tuelewane kuhusu jambo moja linalowachanganya watu wengi.

Kupitishwa ni ruhusa, siyo hela

Katiba yetu, Ibara ya 135, inasema mapato ya Serikali yanaingia kwenye kapu moja linaloitwa Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa yale ambayo sheria imeyawekea mfuko wake maalumu. Ibara ya 136 inasema hela haitoki kwenye kapu hilo mpaka iwe imeidhinishwa na Katiba yenyewe au na sheria. Ndiyo maana kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Julai ambapo mwaka wa fedha unaanza, Bunge linapitisha makadirio na sheria ya kuidhinisha matumizi.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Bunge linapopitisha bilioni kadhaa kwa ajili ya jambo fulani, linakuwa limetoa ruhusa na kuweka kikomo. Yaani limesema: "Mnaruhusiwa kutumia mpaka hapa, kwa kazi hii." Hela zenyewe zinatoka kidogo kidogo kadiri kodi zinavyokusanywa. Kodi zikikusanywa chini ya makadirio, kuna kazi zitakazosubiri.

Ni sawa na baba anayewaambia watoto Januari, "Tukiuza pamba kila mmoja atapata viatu." Hajadanganya. Ila viatu havijanunuliwa bado, na nani atapata kwanza itategemea mizani itasoma kilo ngapi na mnunuzi atalipa lini.

Bajeti ya Wizara ya Kilimo kweli imepanda. Mwaka 2021/22 ilikuwa kama Sh294 bilioni, mwaka uliofuata ikaruka hadi kama Sh954 bilioni, na 2024/25 ikavuka Sh1.2 trilioni. Hayo ni mabadiliko makubwa na siwezi kuyabeza, mimi mwenyewe ni mtumishi wa sekta hii. Lakini ukubwa wa namba hautoshi kutuambia kama sheria ni nzuri au ni ya haki. Viongozi wa Afrika waliahidi Maputo mwaka 2003 kwamba nchi zao zitatenga angalau asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, wakairudia ahadi hiyo Malabo mwaka 2014, na nchi nyingi hazijaifikia. Kwa hiyo tusiishie kwenye namba.

Mwaka mmoja, sheria moja, njia mbili

Mfano mzuri kuliko yote ninaoufahamu ni Sheria ya Fedha ya mwaka 2018. Ndani ya sheria hiyo moja Bunge lilifanya mambo mawili yanayokwenda pande tofauti.

La kwanza lilihusu korosho. Korosho ghafi ikisafirishwa nje ya nchi inatozwa ushuru: asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, ile iliyo kubwa zaidi. Kabla ya 2018, sheria ilisema asilimia 65 ya ushuru huo irudi kuendeleza zao lenyewe, na asilimia 35 iende Mfuko Mkuu. Fungu la asilimia 65 ndilo lililosaidia mambo kama pembejeo za wakulima, ikiwemo salfa. Juni 2018 Bunge likabadilisha: hela yote iende Mfuko Mkuu. Wabunge wa mikoa ya Kusini, wa chama tawala na wa upinzani, walipinga kwa nguvu kabisa. Mabadiliko yakapita.

La pili lilihusu vikundi vyetu. Sheria hiyo hiyo iliongeza kifungu cha 37A kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Kifungu hicho kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kanuni za 2019 zikagawanya: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Zamani utengaji huu ulikuwa agizo tu la kisera. Halmashauri yenye moyo ilitenga, isiyo na moyo ilitafuta sababu.

Umeona? Kwa mkulima wa korosho sheria ilifungua kamba iliyofunga hela na kazi yake. Kwa vikundi vya mikopo, sheria ile ile ikafunga kamba mpya. Sasa ipi kati ya hizo ni haki?

Usikimbilie kujibu. Upande wa Serikali una hoja yake: kodi ni ya nchi nzima, na kila zao likijifungia kodi yake, nani atalipa mwalimu wa Meatu au dawa za zahanati ya mkoa usio na zao kubwa? Simiyu yenyewe ilianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na majengo na huduma nyingi tulizopata tangu hapo zimetokana na kapu la pamoja, ikiwemo kodi ya watu wasioijua hata rangi ya ua la pamba. Upande wa mkulima wa Mtwara nao una hoja: ng'ombe unayemkamua inabidi umlishe. Ukichukua maziwa yote ukapeleka kwa majirani na ukasahau majani, msimu ujao hakuna wa kupewa maziwa, si wewe wala jirani.

Mimi naona kamba kuwepo au kutokuwepo hakumalizi ubishi. Cha kuangalia ni kama aliyetoa hela anaweza kuifuata kwa macho, kuanzia mizani mpaka kwenye kazi iliyofanyika, na kama inafika wakati bado ina faida. Hapo ndo maswali yangu manne yanapoanzia.

Swali la kwanza: hela inatoka kwa nani?

Tuchukue ushuru wa pamba. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Kisheria anayelipa ni mnunuzi, wala siyo mkulima. Lakini tusidanganyane: mnunuzi anapopiga hesabu ya bei atakayokupa, ushuru yumo nao kichwani. Kwa hiyo sehemu ya ushuru ule unaubeba wewe ndani ya bei, hata kama stakabadhi ina jina la kampuni.

Sasa tufanye hesabu ya mezani. Chukua kijiji kimoja kinachouza tani 400 za pamba kwa Sh1,200 kwa kilo.

Tani 400 ni kilo 400,000. Mara Sh1,200 unapata Sh480,000,000.
Ushuru wa asilimia 3 ni Sh14,400,000.
Asilimia 10 ya ushuru huo ni Sh1,440,000.
Wanawake wanapata Sh576,000, vijana Sh576,000, watu wenye ulemavu Sh288,000.

Huu ni mfano tu, na mapato ya halmashauri hayatoki kwenye pamba peke yake. Ila mnaona mambo mawili. Kwanza, kila kilo uliyopeleka AMCOS kwa bei hiyo imechangia Sh3 na senti 60 kwenye mikopo ya vikundi. Kwa hiyo mkopo ule ukitoka siyo zawadi ya mtu, wala siyo hisani ya kiongozi yeyote. Ni jasho la kijiji linarudi kwa mlango mwingine.

Pili, pamba ikianguka, mikopo nayo inaanguka. Mnaukumbuka msimu wa 2019: bei ilitangazwa Sh1,200, bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasuasua, na wakulima wengi wakakaa miezi bila kulipwa. Pamba iliyolala ghalani haijazaa ushuru, na ushuru usiokuwepo hauzai mkopo. Yaani hela ya kumsaidia mnyonge inapungua mwaka ule ule ambao mnyonge anaihitaji zaidi. Huo ni udhaifu wa sheria inayotegemea chanzo kimoja, na sisi wa Simiyu ambao pamba ndiyo kila kitu tunaujua kuliko mikoa mingine.

Swali la pili: wanaonufaika ni wale waliotajwa?

Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda vibaya duniani. Serikali ikatenga Sh150 bilioni za ruzuku kwa msimu wa 2022/23, na mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea uliokuwa umevuka Sh120,000 ukauzwa kwa Sh70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha. Kwa mtu wa mahindi kule Ruvuma, Njombe, Songwe au Rukwa, hiyo ilikuwa ni kuokolewa. Namfahamu mkulima aliyeniambia bila ruzuku ile angelima nusu ya shamba.

Sasa njoo kwetu. Sheria ya ruzuku haikusema "wa Simiyu msipewe." Mlango ulikuwa wazi kwa wote. Lakini mkulima wa pamba, choroko na dengu wa huku kwetu hatumii mbolea ya dukani kwa wingi kama mtu wa Nyanda za Juu Kusini. Mzigo wake mkubwa ni viuadudu, bomba la kunyunyizia na nguvu ya palizi. Na pembejeo za pamba zina njia yake: kwa miaka mingi zimekuwa zikigharamiwa kupitia mfuko wa zao, kwa makato yanayokatwa kwenye kilo unayouza. Kwa maneno mengine, kuna mkulima aliyepunguziwa bei ya pembejeo na kapu la nchi, na kuna mkulima aliyejikopesha mwenyewe kupitia kilo zake.

Sisemi ruzuku ya mbolea ilikuwa mbaya. Mahindi ya Songea tunakula sisi hapa Somanda mvua zikigoma. Ninachosema ni kwamba sheria ya matumizi inaweza kuwa sawa kwa wote kwenye karatasi na bado ikaegemea upande mmoja shambani. Ukiwagawia wote jembe moja moja, mwenye trekta atalitundika ukutani na mfugaji atashangaa la nini. Kwa hiyo usiulize tu kama mlango uko wazi, uliza nani ana miguu ya kuufikia.

Swali la tatu: inafika lini?

Kwa mkulima hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalosahaulika sana.

Kifungu cha 37A kinataja asilimia. Hakijui kwamba Bariadi tunapanda Novemba. Tuchukue kikundi cha akina mama kumi walioomba mkopo wa kununua mabomba, dawa na kulipia palizi ya pamba. Hela ikiingia Oktoba, wamejipanga: shamba limelimwa kwa wakati, dawa ipo ndani, bomba lipo. Funza wa vitumba wakitokea wanakuta watu wako tayari. Hela hiyo hiyo, shilingi kwa shilingi, ikiingia mwezi wa tatu, majani yameshameza pamba na vitumba vimeshatobolewa. Hapo itafanya nini? Italipa ada ya shule, itanunua mahindi ya kula, na nyingine itaishia kwenye msiba au harusi. Siwalaumu, mtu akipata hela wakati wa njaa anakula. Ila marejesho yatatoka wapi? Halafu baadaye tutasikia, "Akina mama hawa hawarejeshi mikopo."

Na cha kusikitisha ni kwamba kalenda ya mapato inaturuhusu kabisa. Ushuru wa pamba unaingia wakati wa ununuzi, kuanzia Mei na kuendelea hadi kama Agosti. Maombi ya vikundi yakipitiwa Agosti na Septemba, hela inaweza kutoka kabla jembe halijaingia ardhini. Sheria ya matumizi ya kilimo inayotaja kiasi bila kujali msimu ni kama daktari anayekupa dozi sahihi ya malaria wiki tatu baada ya homa.

Hapa kuna ndugu yake wa karibu: hela kufika bila mwenzake. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dodoma ugawaji wa pikipiki kwa maafisa ugani. Kwa kweli zimetusaidia sana, kuna vitongoji tulikuwa tunafika mara moja kwa msimu. Lakini pikipiki ni ya kununua mara moja, mafuta na tairi ni ya kila mwezi. Fungu la kwanza ni la maendeleo, la pili ni matumizi ya kawaida, na mara nyingi yanatoka mifuko tofauti. Nina wenzangu, sitataja wako halmashauri gani, ambao pikipiki imepaki chini ya mwembe kwa sababu fungu la mafuta ni dogo. Sheria iliyonunua chombo bila kufikiria mafuta yake imefanya nusu ya kazi.

Swali la nne: nani ameshika daftari?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mikopo ya asilimia 10 ni ushahidi.

Kwenye maswali yaliyotangulia sheria ile ina alama nzuri: chanzo kinajulikana, walengwa wametajwa, asilimia imeandikwa. Kumbe ilikuwa na tundu mahali pengine. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG, zikawa zinarudia mambo yale yale: halmashauri zisizotenga kiasi chote, vikundi vilivyokopa na visivyorejesha, vikundi visivyoonekana. Aprili 2023 Serikali ikasitisha mikopo hiyo nchi nzima ili itafutwe njia bora. Ikarudi mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya, huku halmashauri 10 zikiwa za majaribio kwa kutumia benki.

Fikiria kikundi cha vijana wa kweli, wa alizeti au wa mboga za umwagiliaji, waliokuwa wamerejesha mkopo wa kwanza mpaka senti ya mwisho na wanasubiri wa pili. Walikaa zaidi ya mwaka bila kitu kwa makosa ya vikundi hewa ambavyo hawajawahi hata kuviona. Hapo ndipo nasema usimamizi ni sehemu ya haki yenyewe. Tusiuone kama karatasi za ofisini. Mwizi akiingia kwenye mfuko wa umma, anayelala njaa siyo yeye, ni yule mwaminifu aliyesimama nyuma kwenye foleni.

Na daftari zuri siyo lile la CAG peke yake. Ripoti yake anaikabidhi kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha inawasilishwa bungeni, na inahusu mwaka uliokwisha Juni iliyotangulia. Ni muhimu sana, lakini ni kama kupima udongo baada ya mavuno. Daftari la kuzuia hasara ni lile linalosomwa kijijini wakati hela bado ipo: kikundi gani kimepata, shilingi ngapi, kwa kazi gani, kimerejesha kiasi gani. Jirani anajua kama kikundi kipo au hakipo. Mtu wa Dodoma atajuaje?

Sasa tufanye nini?

Nisingependa tuishie kwenye kulalamika, maana kipindi hiki ndicho chenyewe. Mipango ya mwaka wa fedha ujao inaanzia chini. Mapendekezo ya vijiji yanakusanywa kabla ya mwaka kuisha, yanapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, yanafika Baraza la Madiwani mwanzoni mwa mwaka, ndipo yanakwenda juu hadi Bunge la Aprili hadi Juni. Ukija kulalamika Juni wakati bajeti inasomwa kwenye redio, umekuja kupanda pamba mwezi wa sita.

1. Nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Unatakiwa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hapo. Yasiposomwa, nyoosha mkono uombe kwa adabu yasomwe. Ni haki yako, haihitaji ugomvi.

2. Peleka pendekezo lenye mwezi ndani yake. Usiandike "tunaomba pembejeo." Andika "tunaomba mikopo ya vikundi vya pamba itoke kabla ya Oktoba kuisha, kwa sababu tunapanda Novemba." Diwani akilibeba pendekezo lenye tarehe na sababu, ana cha kutetea kwenye Baraza.

3. Uliza yote mawili: zilizopitishwa ni ngapi na zilizotolewa ni ngapi. Ukiambiwa namba ya kwanza tu, jua umeonyeshwa ua, bado hujaonyeshwa kitumba.

4. Kama mna kikundi, kamilisheni mapema usajili, katiba na akaunti ya benki, na muwe na andiko la mradi linaloonyesha miezi. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Andiko la kilimo nitawasaidia mimi au afisa ugani wa kata yenu, hiyo ni kazi yetu na haina malipo.

5. Tunza stakabadhi za AMCOS. Kijiji kikijumlisha kilo zake kinaweza kupiga hesabu kama ile niliyoifanya hapo juu na kujua takribani kimechangia kiasi gani. Mtu anayejua alichotoa anauliza maswali tofauti na anayedhani anaomba msaada.

Kuna mzee mmoja aliniuliza, "Sasa mwanangu, sheria nzuri ni ipi? Niambie kwa kifupi, nina ng'ombe wanasubiri maji." Nilimjibu hivi: sheria nzuri ya matumizi ni ile ambayo shilingi iliyotoka kwenye pamba yako unaweza kuifuata kwa macho mpaka ilipofanya kazi, na ukaikuta imefika kabla ya mvua. Akacheka, akasema basi hiyo bado anaisubiri, ila sasa atajua akiiona.

Wiki ijayo tunarudi shambani: nafasi za kupanda pamba na namna ya kukagua wadudu kabla ya kupuliza dawa. Na wale ambao hawajang'oa na kuchoma masalia ya pamba ya mwaka jana, tarehe 15 Septemba imeshapita. Fanyeni leo, msisubiri kesho, maana funza naye hasubiri bajeti.

Wenu katika kilimo.